Tumbo la Kupeleka Mombasa

Mkomani, mtaa wa kisiwani Amu, mtu hawezi kula kwa siri. Nyumba zimeegemeana kama watu walioko msibani, madirisha yanatazamana, na samli ikitiwa chunguni orofa ya huku, orofa ya kule washajua ni ya nani na imekusudiwa nini. Kwa hivyo Safaa alipoanza kula, mtaa ulijua kabla hajaosha mikono.

Hakuwa mlaji huyu. Tangu usichana alikuwa mwembamba wa kuchekwa, na aliyecheka zaidi alikuwa yeye mwenyewe. "Nyama zangu Mungu alizipima," husema, "kisha zote akazitia kwenye ulimi." Na kweli ulimi wake ulikuwa umenona. Harusini wapenda kucheka walimkalia karibu, na wenye la kuficha walimkalia mbali. Mtu akija na dhahabu ya kuazima, Safaa alimshika mkono kwa mapenzi, akamwuliza mwenye dhahabu aliamkaje.

Sasa akaanza kula kama aliyepewa kazi ya kibarua. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, kisha mahamri mengine matupu kwa malai. Kabla ya adhuhuri, halwa. Baada ya wali wa mchana alikwangua ukoko mpaka sufuria ikalia. Alasiri kaimati zilizolala kwenye shira, na magharibi tende za kukaangwa kwa samli, kijiko juu ya kijiko, amefumba macho kama anayemeza shubiri. Utamu wenyewe hakuusikia. Tangu zile dawa za mshipani, kila alichokitia mdomoni kilikuwa na ladha ya sarafu. Kuna siku alikula akilia, machozi yakadondoka sahanini, akafuta pua kwa upindo wa leso, akaendelea.

Alikuwa akitafuta tumbo.

Mwaka juzi Safaa alikatwa ziwa la kushoto, Mombasa, kwa ajili ya saratani. Siku ile aliulizwa mambo mengi. Aliulizwa kama yuko wa kumtolea damu, kama amekula, kama meno yake ni yake au ya kubandika. Hakuulizwa kama angependa kuamka na kitu mahali pale. Hakuna aliyemwambia kwamba swali hilo lipo duniani. Aliamka, akapitisha mkono juu ya bendeji, akakuta uwanja. Baadaye wakamtia zile dawa za mshipani, wakamchoma na mionzi, wakampa vidonge vya kila siku, wakamwonya asishike mimba maadamu anavinywa, wakamrudisha Amu.

Wageni wakaja kumjulia hali. Kila mmoja alimwambia ashukuru, maana roho ipo. Akashukuru. Alimshukuru kila aliyepanda ngazi, mpaka shukrani ikamkauka mdomoni.

Lakini si kovu lililomuumiza zaidi. Lililomuumiza ni kwamba watu waliacha kumtania. Harusini walimpisha kama bilauri inayopitishwa mlangoni. Yeye akirusha neno, lile la kale lenye pilipili, aliyerushiwa badala ya kulirudisha alimtazama kwa huruma na kusema, "Mungu akuzidishie afya, Bi Safaa." Basi, mzaha umezikwa. Siku moja soksi ya bintiye Maram, aliyoikunja na kuisokomeza ndani ya sidiria, ilihama katikati ya ngoma ikamkalia begani. Ukumbi mzima uliona. Zamani wangecheka mpaka wakae chini, na yeye angecheka kuliko wote. Safari hii wote walitazama dari. Safaa akatoka na bega lake, akaenda kulia chooni.

Na nyumbani palikuwa na Shuaib. Huyu mumewe, muuza vipuri vya mashine za boti, alikuwa mwema, na wema wake ndio uliokuwa msumeno. Mara ya kwanza Safaa alipobadilisha nguo baada ya hospitali, Shuaib alimgeuzia mgongo kwa heshima. Heshima ile ikawa ya kila siku. Ikaingia kitandani. Sasa walikuwa wakilala mgongo kwa mgongo kama nyumba mbili zilizogombania ukuta, na hakuna aliyesema neno.

Ndipo akaja Hadil.

Hadil ni binti wa khalati yake, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi benki Nairobi. Naye alipatwa na ugonjwa ule ule mwaka ule ule. Bibi yao mmoja alikuwa amewagawia wajukuu sawasawa, bila upendeleo. Hadil alishuka kwenye ndege Manda, akavuka kwa boti kuja harusini, akiwa na miwani myeusi na viatu visivyofaa vichochoro vyetu. Jambo la kwanza alilofanya ni kumvuta Safaa chumba cha juu.

"Funga mlango."

"Umefanya nini, umeua?"

"Funga mlango, we mwanamke!"

Hadil akafungua vifungo vya blauzi. Safaa akatazama, akatazama tena.

"Mbona mawili?" akauliza. Kwa dakika ile alidhani binti khalati alimdanganya, kwamba hakuugua kabisa.

"Hili nimezaliwa nalo," Hadil akasema, akigusa moja. "Hili ni la Daktari Kirimi."

"Basi mrudishie, mkewe analitafuta."

"Shika, mjinga wee."

Safaa akashika. Aliingoja baridi ya plastiki. Lakini lilikuwa na joto. Lilikuwa nyama ya mtu, laini, lenye uzito wake, na kovu la kulizunguka jembamba kama uzi. Mkono wake ukakataa kutoka.

"Limetoka wapi?"

"Tumboni. Wamenikata hapa chini ya kitovu, wakachukua mafuta na ngozi, wakapandisha juu wakashona. Siku hiyo hiyo ya kukatwa lile bovu. Nimelala na mawili, nimeamka na mawili. Bima ya kazini imelipa." Hadil akaanza kufunga vifungo, kisha akasita. "Wewe hawakukuambia?"

"Waliniambia nishukuru."

Wivu haukuja hapo hapo. Kwanza ilikuja hasira, ambayo haikujua imwendee nani. Wivu ulikuja baadaye, taratibu, ukatandika mkeka ukakaa. Ugonjwa mmoja, damu moja, mwaka mmoja, na mmoja wao aliulizwa analitaka la ukubwa gani, kama mtu anayenunua viatu.

Hadil, naye hakuwa na roho mbaya, alirudi Nairobi akaanza kuuliza. Bima ya Safaa ilijibu kwamba hayo ni mambo ya urembo, kama kutoboa pua. Lakini huyo Daktari Kirimi, pamoja na wenzake, huja mara chache kufanya kambi ya matibabu kwenye hospitali moja ya Mombasa, wakawafanyia wanawake wachache bila malipo. Wachache kweli. Safaa akamwambia Shuaib anakwenda kupimwa kama kawaida, akavuka bahari hadi Mokowe, akapanda basi.

Hakumwambia kweli kwa sababu alikuwa na mpango. Alitaka aje nalo. Siku moja abadilishe nguo mchana, dirisha wazi, na Shuaib akishaanza kugeuka amwambie, "We, tazama."

Daktari Kirimi alikuwa mtu wa Meru, mpole, mwenye vidole virefu. Kando yake alikuwa nesi wake, Nerea, msichana mnene mwenye meno mazuri. Safaa akaeleza shida yake: ziwa la kushoto, lilikatwa, analitaka ziwa lake. Nerea akaacha kuandika.

"Pole, mama, unamaanisha titi? Kwetu ziwa ni lile la samaki."

"Na langu ni hilo hilo," Safaa akajibu. "Ila limekaushwa."

Nerea akaangua kicheko, akaziba mdomo, akashindwa, akacheka tena. Safaa alimtazama kama mtu aliyepewa maji jangwani. Muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemcheka.

Daktari akampima. Ngozi ya kifua ilikuwa imechomwa na mionzi, akasema, haiwezi kuvumilia mfuko wa silikoni. Dawa yake ni nyama yake mwenyewe. Akamfinya tumbo, akafinya na mgongo, akarudi tumboni, akatikisa kichwa.

"Hapa sina cha kuchukua, mama. Tumbo lako limeshikana na mgongo."

"Hata kidogo, daktari? La ukubwa wa andazi."

"Hata la andazi. Rudi kambi ijayo. Ongeza uzito pole pole. Ukule vizuri."

"Nile vizuri."

"Chakula kizuri," Nerea akakazia, akiandika jina lake kwa kambi inayokuja. "Nafasi yako tunakuwekea."

Basi mambo yakaharibika hapo, watu watatu wakitabasamu, na hakuna aliyejua. Kirimi akisema chakula kizuri anaona mayai, maharagwe, sukuma wiki, kipande cha samaki. Mkomani hakuna aliyewahi kuita mchicha chakula kizuri. Mchicha ni wa aliyekosa. Kwa watu wa Safaa, chakula kizuri ni kile anachowekewa bwana harusi: ni kile kinachong'aa kwa samli, kinachoshikamana vidole kwa sukari, kinachomfanya mgeni ashindwe kuinuka. Safaa akarudi Amu na agizo la daktari, akalitii kwa roho yake yote.

Tumbo likaja. Lilikawia, kisha likaja kwa haraka, kama deni lililokumbukwa. Safaa alilipima kwa vidole viwili kila baada ya kuoga, akilifinya pale pale Kirimi alipofinya. Lilipojaa vidole aliliambia, "Karibu." Alianza kusikia kiu, kiu ya ajabu, akawa anaamka kunywa maji na kwenda kujisaidia, kunywa na kwenda. Akasema ni chumvi ya achari.

Aliyeona wa pili, baada ya mtaa, ni Bi Alawiya, mama yake Shuaib, aliyekaa nyumba ya chini. Mavyaa huyu alikuwa na magoti mabovu na macho mazima. Aliona dera linavyobana. Aliona mkamwana anavyosimama dirishani na mikono miwili juu ya tumbo, akitabasamu peke yake. Aliona safari za chooni. Siku moja akapanda ngazi zote, akihema, na bakuli la tambi lililofunikwa.

"Kula, mwanangu. Yana umekula kidogo."

"Yana nilikula sufuria nzima, Mama."

"Haidhuru. Ule wa watu wawili."

Safaa akadhani mavyaa anamchokoza, na moyo wake ukaruka kwa furaha, maana utani ulikuwa umerudi nyumbani. "Wawili ni wachache, Mama," akasema mdomo umejaa. "Mimi hula wa watatu."

Bi Alawiya akaweka mkono kifuani. Mato yake yakajaa machozi.

"Mapacha?"

Tambi zikamkwama Safaa kooni. Akafungua mdomo aseme hapana. Lakini hapana ile ilikuwa na mkia mrefu: hapana, hili si mtoto, hili ni mafuta, naenda kukatwa, nataka ziwa. Na mkia ule angeuanzia wapi, mbele ya mwanamke aliyekwisha kuelekea kibla na kuinama, magoti mabovu na yote, anamshukuru Mola? Tena kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililomfunga ulimi. Kwa zaidi ya mwaka Bi Alawiya alikuwa akimtazama kama kaburi linalotembea. Leo alimtazama kama mwanamke.

Akanyamaza. Akasema kimoyomoyo kwamba ni siku ile moja tu.

Siku zikapita, na mabakuli hayakukoma.

Ikawa alasiri moja Shuaib akafunga duka saa ambayo duka lake halifungwi. Safaa alimsikia akipanda ngazi, polepole, hatua ya mtu aliyebeba kitu kizito. Akaingia na mikono yake bado ina grisi. Hakukaa.

"Mama ameniletea halwa dukani," akasema.

"Amefanya jema."

"Amenipongeza mbele ya watu. Na watu wakanipongeza. Nimepewa mikono mpaka nimechoka." Sauti yake ilikuwa chini kabisa, na Safaa angependa apige kelele. "Nami nataka nimpongeze mwenyewe. Niambie, Safaa. Nimpongeze nani?"

Safaa akacheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, kama chafya. Akaona uso wa mumewe unavyobadilika, akajua kwamba kicheko kile kinaweza kumtoa kwenye nyumba hii leo leo.

"Ndoo," akamwambia, akimwita kwa mkono. "Ndoo hapa." Akapandisha dera. "Shika."

"Sitaki kushika."

"Shika, Shuaib! Hakuna mtu humu. Ungekuwa ukinitazama ungelijua. Hii ni nyama. Ni samli ya mamako na halwa na tambi. Naipeleka Mombasa ikakatwe, iwe ziwa."

Shuaib akakaa. Alikaa juu ya kitanda safi na suruali ya grisi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Iwe nini?"

"Umesikia."

Akamweleza yote: Hadil, Kirimi, kidole tumboni. Shuaib alisikiliza akitazama mikono yake.

"Mimi nilikudai?" akauliza mwisho.

"Hukunidai."

"Nimewahi kukusema kwa neno?"

"Hata neno moja. Hata 'sogea' hujaniambia. Mtu hulala na ukuta, ukuta ukamjibu zaidi yako."

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Najua. Ndiyo iliyonimaliza."

Chini Bi Alawiya alikuwa akitwanga kitu, na kwa kasi ya mchi ulijua ni kitu cha kusherehekea.

"Hutaki hata kuniuliza kama nalitaka," Shuaib akasema. "Kisu tena, Safaa. Nilikaa nje ya mlango ule mara ya kwanza. Ukifa je? Kwa jambo ambalo mimi sikuomba?"

"Si lako!" Safaa aliisikia sauti yake mwenyewe ikigonga ukuta. "Wewe wadhani ni lako, na bima yadhani ni pambo, na Mama ajua ni mjukuu wake. Ni langu. Nilikuja nalo kutoka kwetu. Nataka changu, Shuaib. Nikivua nguo nimkute Safaa, basi. Wewe geuka ukitaka."

Wakati wa chakula Shuaib alichukua kipande chake cha nyama, kile chenye mafuta, akakisukuma upande wa mkewe wa sinia. Kisha akasema, akiutazama wali, kwamba atafuatana naye. Na Bi Alawiya? Wakakubaliana wamwambie wakirudi, jambo likiwa limekwisha. Yeye akaambiwa kwamba Safaa anakwenda kwa daktari wa Mombasa kuangaliwa, na hilo lilikuwa kweli. Aliwasindikiza mpaka gatini penye boti, akasoma dua, akapuliza tumbo.

Kambi ilikuwa katika jengo la nyuma la hospitali. Wanawake walikaa kwenye mabenchi wakingoja, wengine na mabuibui, wengine na vitambaa vya kichwa, kila mmoja ameinamia upande wake kama anayelinda mtoto. Safaa alikuwa hajala tangu jana usiku, kama alivyoagizwa, lakini alikuwa na furaha ya kulewa. Akamgeukia aliye jirani, mama mmoja wa Kilifi.

"Wewe dada, umeleta kilo ngapi?"

Yule mama akamtazama, akaelewa, akaanza kutetemeka mabega. "Mimi nimeleta mgongo," akasema. "Tumbo lilikuwa na kovu za uzazi."

"Mgongo! Basi ukishonwa usiegemee ziwa lako."

Benchi zima likacheka. Nesi mmoja akachungulia kuona kuna nini. Safaa akasema moyoni, nimerudi, watu wangu, nimerudi.

Walimtoa damu. Kisha akaitwa ndani, na Daktari Kirimi alipofinya tumbo lile alitabasamu mpaka macho yakapotea.

"Hili sasa ni tumbo!"

"Nimekutii, daktari."

Akachukua kalamu ya buluu, akamchora. Mstari chini ya kitovu kutoka ubavu hadi ubavu, mstari mwingine juu yake, kama umbo la ngalawa. Kifuani akachora duara. Safaa alilala akitazama juu, kalamu ikimtekenya, akaliona duara lile kwa pembe ya jicho. Lilikuwa pale pale. Ukubwa wake ule ule.

Nerea akaingia na karatasi ya majibu ya damu. Hakusema lolote kuhusu ziwa wala samaki. Akampa daktari. Kirimi akasoma, akaweka kofia ya kalamu, akaifunga taratibu mno.

"Mama Maram, una kisukari?"

"Sina."

"Kwenu kuna mtu anacho?"

"Mama yangu alikuwa nacho. Kwa nini?"

"Umekuwa ukikula nini?"

"Chakula kizuri," Safaa akasema. Na kwa kuwa alijivunia, akavitaja: mahamri, malai, halwa, kaimati, tende kwa samli. Aliona kila anachokitaja kinavyomshusha Kirimi kichwa, mpaka akabaki na paji la uso tu.

"Mliniambia," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Mliniambia nile vizuri."

"Tulikuambia." Kirimi akaikunja karatasi ya majibu. "Hatukukuuliza kwenu vizuri ni nini."

Akamweleza. Sukari ilikuwa juu sana, na imekuwa juu kwa miezi. Akimkata leo, jeraha la tumbo halitafunga. Nyama atakayoipandisha itakosa damu na kufia pale pale kifuani, ioze. "Nitakuwa nimekuharibu juu na chini."

"Nikate hivyo hivyo."

"Siwezi, mama."

"Natia saini. Mume wangu yuko nje, naye atatia. Sukari ni yangu, kidonda ni changu."

"Siwezi."

"Nitafunga. Kuanzia sasa sili kitu, mpaka siku ya mwisho ya kambi. Mnipime tena."

"Haishuki hivyo. Inataka miezi, dawa, na mpango wa chakula."

Safaa akateremka kitandani, dera limekunjamana juu ya mistari, akamshika daktari mkono wa koti. Hajawahi kumwomba mtu. Kazi yake duniani ilikuwa kuwachokoza. "Daktari, sikiliza. Nimemwacha mtu mzima akidhani nimebeba mjukuu wake. Amenisindikiza kwa dua. Nikirudi bila mtoto na bila ziwa, nirudi na nini? Niambie nirudi na nini!"

Nerea alikuwa amegeukia dirisha.

"Kambi ijayo," Kirimi akasema. "Ikiwapo. Sitaki kukuahidi. Shusha sukari kwanza."

"Nikishusha sukari, tumbo litabaki?"

Kirimi akaitazama kalamu yake.

"Litapungua," akasema.

"Basi nikila nina sukari, nisipokula sina nyama."

"Kuna katikati, mama."

"Iko wapi? Nionyeshe. Ichore na kalamu yako."

"Kuna mtaalamu wa lishe. Angekupangia kila mlo."

"Wa Amu?"

"Yuko hapa Mombasa. Siku za kliniki."

Hadil alikuwa na wake. Safaa akakumbuka sasa, jambo ambalo siku ile hakulijali: Hadil akisema kuna binti mmoja hospitalini Nairobi aliyemsumbua kwa simu kila jioni, kutaka kujua amekula nini. Walilicheka sana.

Nafasi haikuweza kukaa bure. Nerea akafungua mlango, akaita jina jingine, na yule mama wa Kilifi akapita na mgongo wake, asithubutu kumtazama Safaa usoni.

Koridoni simu ikalia. Bi Alawiya. Safaa akaitazama mpaka ikakatika, ikalia tena, akapokea.

"Mwanangu! Wamesemaje? Ni mapacha?"

"Mama," Safaa akasema. Akaegemea ukuta. "Mama, tumboni hamna mtu. Hapakuwa na mtu tangu mwanzo. Nisamehe."

Alisikia kuku wa jirani huko Amu, na pumzi ya mtu mzima ikipanda na kushuka.

"Hamna," Bi Alawiya akasema hatimaye, kama anayejaribu neno geni. "Na zile zakula zote, Safaa? Nilizopandisha ngazi na magoti haya? Zilikuwa za nani?"

"Zangu, Mama. Zilikuwa zangu."

Simu ikakatwa. Hakujua ni mtandao au ni mkono.

Shuaib akaja kutoka mwisho wa koridoni, karibu akikimbia. Alikuwa ametoka nje kutafuta kitu cha kumtia mkewe mdomoni, akidhani alifunga kwa ajili ya kutolewa damu tu, akarudi na viazi karai kwenye gazeti lililolowa mafuta, na kikombe cha chai ya maziwa. Akauona uso wa Safaa, hatua zikamwisha.

Safaa akamwambia. Hakukawia, maneno yalikuwa machache: sukari, tumbo, hakuna. Shuaib alisikiliza, na safari hii hakutazama mikono yake. Alimtazama yeye, kifuani, kwenye ukingo wa duara la buluu lililochungulia shingoni mwa dera. Alitazama wala hakugeuka. Ilikuwa mchana, dirisha wazi, kila kitu kama alivyokipanga Safaa, na hapakuwa na kitu cha kuonyesha.

Wakakaa kwenye benchi.

"Una ndaa?" Shuaib akauliza.

"Nina ndaa nataka kuanguka."

Akafungua gazeti. Mvuke wa viazi ukapanda kati yao, na ukwaju, na pilipili. Akachukua kimoja kwa vidole viwili, akakiinua, akakileta nusu ya njia, mkono ukasimama hewani.

"Sasa nikupe," akasema, na sauti ikamkatika, "au nisikupe?"

Safaa akakitazama kile kiazi. Akautazama mlango wa daktari, umefungwa, taa nyekundu juu yake inawaka.

"Sijui, Shuaib," akasema. "Wallahi sijui."